Chura Mwenye Jina la Chuo Kikuu

Kuna chura anaitwa Nothophryne unilurio. Rudia neno la pili: unilurio. Wanasayansi wamezoea kuwapa wanyama wapya majina ya walimu wao, ya wafadhili wao, ya wafalme wao. Huyu kapewa jina la Chuo Kikuu cha Lúrio, ambacho wenyewe hukiita UniLúrio, chuo cha umma kilichoanza kufundisha mwaka 2007 kaskazini mwa Msumbiji na kuchukua jina la mto unaoitenga mikoa ya Nampula na Cabo Delgado. Uhandisi na sayansi za viumbe hufundishwa Pemba, nami nasema Pemba ya Cabo Delgado, ile iliyoitwa Porto Amélia zama za Wareno, wala si kisiwa cha karafuu. Jamani, chuo kilikuwa na miaka kumi na moja tu, na tayari kikawa na chura wake! Baada ya kukutana na jina hilo nilianza kusaka kila nilichoweza kupata kilichofanywa na walimu na wanafunzi wa chuo hicho, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, kuhusu pwani hii iliyo ng'ambo tu ya Ruvuma. Nimeyaona mambo, na siwezi kukaa nayo peke yangu.

Nianze na chura mwenyewe, maana anastahili. Jenasi ya Nothophryne ilitangazwa mwaka 1963 kutokana na chura mdogo wa mlima Mulanje, Malawi, na kwa miaka 55 ikabaki na spishi hiyo moja tu. Halafu mwaka 2018 ikatoka makala moja ikaongeza spishi nne kwa mpigo, zote za kaskazini mwa Msumbiji: mmoja wa Namuli, mmoja wa Inago, mmoja wa Ribáuè, na huyu wetu wa Taratibu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas, Cabo Delgado. Miongoni mwa walioandika makala hiyo yumo Harith Farooq, mhadhiri wa UniLúrio aliyekuwa akipanda majabali hayo kutafuta nyoka, mijusi na vyura.

Na majabali yenyewe ndiyo siri ya kisa chote. Ukisafiri bara ya Cabo Delgado unaona nchi tambarare, pori la miombo, kisha ghafla jiwe moja kubwa limesimama kama nyumba isiyo na mlango. Juu yake kuna unyevu, kuna nyufa zinazotiririsha maji kidogo kidogo, kuna majani ambayo chini hayapo. Chura wa jamii hii huishi kwenye mwamba ule uliolowa. Hata viluwiluwi wake hawahitaji dimbwi: hujinyonganyonga juu ya utando mwembamba wa maji unaoteleza juu ya jiwe. Sasa mnyama wa namna hiyo atalivukaje pori kavu hadi jabali la pili? Havuki. Anabaki kwake vizazi na vizazi, anabadilika kivyake, mpaka anakuwa spishi ya pekee. Kila jabali ni kisiwa. Watu wa mwambao tumezoea kuhesabu visiwa vya baharini, na kumbe nyuma yetu, bara, kuna funguvisiwa jingine la mawe ambalo hesabu yake ndiyo kwanza inaanza!

Farooq na wenzake hawakuishia kwenye vyura, na hapa ndipo kazi ya chuo hiki inaponinyima usingizi. Mwaka 2021 walitoa utafiti kuhusu nyoka na majina yao kwa watu wa vijijini: je, ni nyoka gani anayepewa jina lake mwenyewe, na ni yupi anayetupwa kwenye kapu la "nyoka" basi? Jibu lao ni kwamba yule anayeaminika kuwa wa hatari ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuwa na jina la kipekee. Hebu lifikirie kwa Kiswahili chetu. Koboko tunamjua, swila tunamjua, kifutu tunamjua. Yule mwembamba wa kijani asiyemdhuru mtu anaitwaje? Biolojia imeingia kwenye nyumba ya isimu bila kubisha hodi, na zote mbili zikafaidika.

Kisha mwaka 2022 kundi hilo likatoa kazi nzito zaidi. Badala ya kungoja takwimu za hospitali, walikwenda kuuliza vijijini: nani aliumwa na nyoka, na alifanya nini? Hoja yao kuu imo kwenye kichwa chenyewe cha makala: kwamba idadi ya watu wanaoumwa na nyoka vijijini, kusini mwa Sahara, huenda inakadiriwa chini mno. Anayejua maisha ya shamba haimpi tabu kuelewa kwa nini. Aliyegongwa na kifutu saa kumi na mbili jioni, kilomita nyingi kutoka zahanati, anakwenda kwa mganga aliye jirani, au anafia njiani, na daftari la hospitali haliandiki chochote. Mtu asiyeandikwa hapelekewi dawa. Kwa hiyo kuhesabu huku vijijini, kazi ambayo wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaweza kuibeba kabisa, kunagusa moja kwa moja idadi ya chupa za dawa ya sumu ya nyoka zinazotakiwa kuwapo kwenye friji ya wilaya. Nani alisema mtafiti wa mijusi hana kazi na afya ya watu?

Twende baharini sasa, kwa sababu huko ndiko kuliko na kazi niipendayo kuliko zote.

Kaskazini kabisa ya pwani hii, upande wa Palma, kuna kisiwa cha Vamizi. Ni kirefu na chembamba, kimezungukwa na matumbawe ya aina zaidi ya 180, kasa wa kijani hupanda pwani yake kutaga, na wavuvi wamekuwa wakifika visiwa hivi kwa dago kutoka kusini, Nampula, na kutoka kwetu Tanzania. Ni mahali pa samaki wengi na nyavu nyingi. Mwaka 2006 wenyeji waliweka sehemu ya bahari ambamo hamvuliwi kitu: wao wenyewe wailinde, wao wenyewe waisimamie. Swali la kila mvuvi liko wazi. Mmenifungia mwamba wangu, mimi nitapata nini?

Isabel Marques da Silva, mwanasayansi wa bahari wa UniLúrio, alilijibu swali hilo pamoja na wenzake wa Ureno na Uingereza katika makala iliyotoka mwaka 2015 kwenye jarida la PLoS ONE, na uzuri wa jibu uko kwenye tarehe. Hesabu ya kwanza ya samaki ilikuwa imefanyika 2003, miaka mitatu kabla ya kufunga. Ya pili 2006, wakati wa kufunga. Ya tatu 2012, miaka sita baadaye. Aliyewahi kusoma tafiti za hifadhi za bahari anajua hazina iliyopo hapo! Tafiti nyingi huja baada ya jambo kutokea, zikalinganisha ndani na nje, na mtu mwenye shaka akauliza papo hapo: mtajuaje kama ndani hapakuwa na samaki wengi tangu zamani, ndiyo maana mkapachagua? Vamizi swali hilo limekwisha jibiwa. Kabla ya kufunga, sehemu walizopima hazikutofautiana.

Kazi yenyewe inavyofanyika ni ya uvumilivu. Mpiga mbizi anashuka na kibao na penseli inayoandika majini, anaogelea polepole katika eneo lililopimwa, anahesabu kila samaki anayemwona kwa aina yake, akishamaliza anahamia sehemu nyingine: ndani ya hifadhi, mpakani, nje. Samaki hawakai foleni. Wanazunguka, wanajificha, wengine wanamfuata mpiga mbizi kwa udadisi na kutaka kuhesabiwa mara mbili. Hadi hesabu hiyo iaminike, macho ya mtu yanatakiwa yawe yamefundwa.

Na matokeo? Baada ya miaka sita samaki wa makundi yote waliongezeka ndani ya hifadhi. Hilo lingetosha kunifurahisha. Lakini kuna la zaidi: samaki wala mwani walianza kumwagika nje, na wale wadogo wao walionekana hadi kilomita moja kupita mpaka. Kilomita moja! Kwa mwenye ngalawa na mshipi, kilomita moja ya bahari ni mahali anapojua kila jiwe. Tena hao wala mwani, kundi walimo akina pono na tasi, ndio wafagiaji wa mwamba. Wakipungua, mwani unayafunika matumbawe. Wakizidi, mwamba unapumua. Kwa hiyo kinachovuka mpaka ule ni kitoweo na ni mfagiaji kwa wakati mmoja, na kimevuka kwa sababu kijiji kiliamua kujizuia. Mimi sijui kazi nyingine katika ukanda huu wetu inayojibu swali la mvuvi kwa unyoofu kiasi hiki.

Karibu na hapo, vijiji vya pwani kama Quiwia, Lalane na Nsangue Ponta viliingia kwenye mradi wa Our Sea Our Life ulioongozwa na Zoological Society of London, ukiwa na UniLúrio na shirika la mazingira la Msumbiji, AMA, kama washirika. Humo kulikuwa na kufunga miamba kwa muda, jambo ambalo wavuvi wa pweza wa Mtwara na Songosongo wanalijua vizuri, na kulikuwa na vikundi vya kuweka na kukopa, yaani VICOBA kwa lugha yetu. Mwenye wazo la kuviweka pamoja anajua pwani. Mwanamke anayeshuka mwambani maji yanapokupwa, mti mkononi, anatafuta pweza wa leo. Ukimwambia asubiri miezi, lazima kuwe na kitu mkobani wakati anasubiri. Wanafunzi wanaokulia katika mradi wa namna hiyo wanajifunza samaki na fedha siku ileile, na naona hilo ni elimu bora kuliko darasa lolote la "maendeleo".

Sasa shikeni viti, wapenzi wa Kiswahili.

Chapane Mutiua, mwanahistoria wa Kituo cha Taaluma za Afrika katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo, amekuwa akisoma barua. Ni barua za karne ya 19 zilizohifadhiwa katika Kumbukumbu za Historia za Msumbiji, zilizoandikwa na masheha, mashehe na wakubwa wa kaskazini kwa khati ya Kiarabu, nyingi zikielekezwa kwa watawala wa Kireno, ambao makao yao katika Cabo Delgado wakati huo yalikuwa kisiwani Ibo. Na lugha ya nyingi kati ya barua hizo ni Kiswahili. Tasnifu yake ya mwaka 2014 katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, inaonyesha namna maandishi hayo yalivyoingia ndani ya utawala wenyewe wa Wareno: mkubwa wa pwani anaandika, mfasiri anageuza, gavana anajibu, na mambo yanakwenda. Liazzat Bonate naye, mtafiti wa Uislamu wa kaskazini mwa Msumbiji, ameandika kwa kina juu ya maandishi haya.

Picha tuliyofundishwa wengi wetu ni kwamba Kiswahili kinafika Ruvuma kinasimama, ng'ambo kuna Kireno na "lugha za kienyeji". Barua hizi zinaifuta picha hiyo kwa wino. Hawa walikuwa watu wa mwambao uleule, wenye adabu ileile ya barua, salamu ndefu za Kiarabu juu kisha habari kwa Kiswahili, wakizungumzia biashara na madaraka na Mreno aliyekuwa bado hajaishika nchi yote. Mpaka wenyewe ulikuwa wa kugombewa: Tungi, sehemu ya Palma ya leo, ilidaiwa na Zanzibar hadi Wareno walipoichukua kwa nguvu mwaka 1887. Ukisoma barua za upande ule ukiwa na jambo hilo kichwani, unahisi mkono wa mwandishi ukipima kila neno. Nataka kila mwanafunzi wa fasihi pale Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi azijue!

Vigae navyo vina lao. Hilário Madiquida, mwanaakiolojia wa chuo hichohicho cha Maputo, alitoa mwaka 2007 kupitia Uppsala, Sweden, kitabu juu ya jamii zilizotumia chuma katika pwani ya Cabo Delgado tangu miaka ya 1000. Ni kitabu cha vyungu vilivyovunjika, mashimo ya kuchimba na tabaka za udongo, na kwa wasiokuwa na subira kinaweza kuchosha. Mimi kimenishika. Kinazirudisha pwani hizi kwenye ramani ambayo mara nyingi huchorwa kutoka Lamu hadi Kilwa kisha ikaachwa wazi.

Mjini Nampula, kwenye sayansi za afya za UniLúrio, nitapita haraka kwa sababu si pwani, ingawa siwezi kuuruka mpango wao wa "Um Estudante, Uma Família": kila mwanafunzi anakabidhiwa familia moja, anaitembelea na kuifuatilia katika masomo yake. Ni huko huko ulikoanza mwaka 2009 mradi wa kufundisha shahada ya upimaji wa macho, jambo ambalo Msumbiji haikuwa nalo. Miwani kwa fundi cherehani wa Nampula ni mkate wa kila siku. Wazo la familia moja kwa kila mwanafunzi ningependa kuliona likiibwa na kila chuo cha udaktari kuanzia hapa hadi Kampala.

Mengi ya haya yametokea wapi? Katika Cabo Delgado, mkoa ambao tarehe 5 Oktoba 2017 vita vya waasi viliuingia kupitia Mocímboa da Praia. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikatua, kikavunja nyumba nyingi za Ibo na Macomia. Agosti 2020 Mocímboa ikatekwa, Septemba wapiganaji wakafika hadi Vamizi, Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Kufikia mwaka huo watu zaidi ya 700,000 walikuwa wamekimbia makwao, na wengi walikimbilia Pemba, mji uleule wa chuo. Tafiti mbili za nyoka nilizozitaja zimetoka 2021 na 2022. Naomba msomaji aziangalie tena tarehe hizo. Makala za kisayansi hazina nafasi ya kuandika kwamba barabara ilikuwa imefungwa, kwamba kijiji ulichokwenda kuuliza kimehama, kwamba mwanafunzi wako amepokea shangazi na watoto sita nyumbani. Zinaandika mbinu, matokeo, mjadala. Mimi nikisoma ile mistari mikavu naona ushujaa, na nimeamua kuliandika neno hilo wazi.

Ninayo manung'uniko, na ni ya mtu anayependa. Karibu kila nilichokisifu hapa kimeandikwa kwa Kiingereza au Kireno. Mvuvi wa upande wa Palma, ambaye kijiji chake ndicho kilichofunga bahari, anasema Kimwani au Kimakwe na anaelewa Kiswahili, na ile kilomita moja ya samaki ni yake kabla haijawa ya jarida. Kimwani kina tahajia iliyokwisha kukubaliwa na wataalamu wa lugha wa Maputo, kwa hiyo kisingizio cha "hakiandikiki" hakipo. Kurasa nne za picha, maneno machache, ramani ya mwamba wenyewe: hiyo ingekuwa tasnifu ya mwanafunzi mmoja, na ningeisoma kwa hamu kuliko nyingi. Barua za Ibo nazo zinahitaji chapa ya Kiswahili, khati ya Kiarabu upande huu na herufi za Kirumi upande ule, iuzwe Mtwara, Lindi na Mombasa kwa bei ya gazeti.

Na ninalo ombi moja kubwa. Bahari ya Vamizi ilihesabiwa 2003, ikahesabiwa 2006, ikahesabiwa 2012. Tangu hapo vita vimewaondoa wavuvi katika sehemu kubwa ya pwani ile, vikawarudisha baadhi, vikavunja ulinzi wa hifadhi na wakati huohuo pengine vikaifunga miamba ambayo hakuna baraza la kijiji lililokaa kuifunga. Samaki wamefanya nini katika muda huo? Ndani na nje ya mpaka wa 2006 bado kuna tofauti, au bahari yote imekuwa moja? Sehemu za kupimia zinajulikana na mbinu imeandikwa. Kinachotakiwa ni usalama, mashua, mitungi ya hewa na wanafunzi wa Pemba wenye macho yaliyofundwa, washuke na vibao vyao palepale waliposhuka walimu wao, wakaanze hesabu ya nne.